Hereni ya Sitini na Nne

Muyinga, tarehe 13 Oktoba 2024

Kwa ofisi ya Chama cha Ndoano, Gitega

Salamu nyingi kwenu wote.

Mi naitwa Houssein, fundi saa hapa Muyinga mjini, karibu na msikiti. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, donc mi iko na nafasi ya kuvua. Sivui kwa kuuza. Navua siku duka limefungwa, kwa raha ya roho tu, na mke wangu Aisha anasema ni kwa kumkimbia yeye.

Nilimwambia chef wa mlima, yule mkubwa wa kijiji kule Buhinyuza, awape ninyi habari, na alisema amepiga simu huko Gitega. Naamini habari imewafikia, kwa hiyo maneno yale sitayarudia. Si mazuri kuandika. Naleta kazi tu.

Samaki: kambale. Hereni: namba 65. Urefu: kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, na zaidi kidogo. Mahali: mto Ruvubu, chini ya Buhinyuza, kwenye matete, nje ya pori la serikali. Alikuwa muzima. Kidonda cha hereni kilikuwa kinatoka damu, nilimsikitikia. Nilimrudisha mtoni, akaenda.

Kama nimeandika vibaya munirekebishe. Musipige simu, masikio yangu hayashiki tena. Mutume barua na gari la Muyinga, museme ni ya fundi saa, itafika.

Houssein


Gitega, Musinzira, 20 Oktoba 2024

Mzee Houssein, shikamoo.

Mimi ni Jeska. Nimemaliza shule mwaka huu, na Bwana Thomas, mkuu wa chama, amenipa kazi ya kujibu barua za wavuvi. Nimefurahi kusikia kwamba hutaki simu. Mimi nikishika simu mbele ya watu, maneno hunikauka mdomoni. Kwenye karatasi huwa yanakuja.

Taarifa yako ni nzuri, hukukosea kitu. Labda nikueleze inakwenda wapi. Watu wanaovua kwa ndoano ili kujiburudisha tunawapa pakiti ya hereni ndogo za plastiki zenye namba. Mtu akimpata samaki anampima, anamvisha hereni mgongoni kwa sindano, anamwachia, kisha anatuandikia. Mwingine akimvua samaki yule yule, karibu au mbali, naye anatuandikia. Hivyo tunajua samaki wanatembea mpaka wapi, na kama mto bado unao. Bila ninyi hatujui lolote, maana chama hakina mashua. Kina meza, na mimi.

Kuhusu habari ya chef, nilimuuliza Bwana Thomas. Amesema kila mvuvi mpya husema ametuma habari, tukupokee tu. Basi karibu sana.

Sheria yetu ni kutotaja jina la mtu aliyemvisha samaki hereni, ili wavuvi wasifuatane na kugombea mahali. Lakini naomba unijibu maswali haya. Hereni ilikuwa upande gani wa mgongo? Damu ilikuwa mbichi kweli? Na je, upande wa juu wa mto, ulimwona mtu yeyote mwenye fimbo ya kuvulia?

Tafadhali usikawie kunijibu.

Jeska


Muyinga, 3 Novemba 2024

Binti yangu Jeska,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nilimsomea Aisha mara mbili. Huku watoto wananiambia "bite, muzee" na wanapita. Wewe ulilelewa Tanzania, naona.

Nakujibu. Hereni iko upande wa kulia, karibu na pezi la mgongo. Damu ilikuwa mbichi, inatoka pale pale ninapoangalia. Mtu hakuna. Tangu zile mvua za Aprili wanawake wameacha kuchota maji pale, wanazunguka mpaka kwenye kijito. Wachunga mbuzi nao wamehama. Ni mi peke yangu ndiyo nakwenda, na Aisha hapendi.

Samaki wengine ni hawa. Hereni 66, kambale, mfupi kuliko yule. Hereni 67, samaki wa magamba makubwa, nafikiri ninyi munamwita kuyu. Wote upande wa kulia. Wote na damu. Wote nimewarudisha.

Iko jambo moja lingine. Kwenye matete iko kuyu mwenye hereni ya 64. Huyo sikumvua. Anasimama karibu na ukingo, kichwa amekielekeza juu mtoni, kama mtu anayesubiri gari. Nikitupa chambo hali. Nikipiga maji kwa fimbo hasogei. Niliinama nikasoma namba yake bila kumgusa, na jicho lake lilikuwa linanifuata.

Huyo mutamwandika namna gani?

Houssein


Gitega, Musinzira, 11 Novemba 2024

Mzee Houssein, shikamoo.

Samaki asiyevuliwa hatumwandiki. Ila huyu nimemwandika mwenyewe kwenye kiganja cha mkono, na nimekuwa nikinawa kwa uangalifu.

Umesema upande wa kulia. Wavuvi wetu karibu wote huvisha upande wa kushoto, kwa sababu wanashika sindano kwa mkono wa kulia. Yupo mmoja tu ambaye… Nimekatazwa kusema.

Nyumbani kwetu kuna mambo. Tulikuwa tumepanga kuganduka baada ya Noeli, tumalize msiba wa mtu wetu, watu wanyoe, wanywe, warudi kwenye kazi zao. Mtama wa pombe ulikuwa umeshalowekwa. Mama ameuanika tena juani na kuwaambia wajomba waache kwanza. Mjomba mmoja alimuuliza, "Martha, unamngoja nani?" Mama aliendelea kuutandaza mtama. Sikutaka kumwambia kuhusu barua zako, lakini Mama hunisoma usoni. Sisi tuko wawili nyumbani, na sasa jioni anapakua sahani tatu.

Naona wewe unamjua anayewavisha samaki hereni huko kwenu, ingawa hukusema. Sikulaumu. Natuma mfuko kwa dereva. Ndani kuna dagaa wa Kigoma na sweta ya kijani. Tafadhali mpe yeye. Kama hapendi kutajwa, usimtaje. Mwambie tu kwamba hakuna anayemdai kitu, na baridi ya mtoni ni mbaya.

Jeska


Muyinga, 24 Novemba 2024

Mwananje Jeska,

Mfuko umefika, mwanangu. Dagaa Aisha amewapika na nyanya, wamekwisha siku hiyo hiyo.

Barua yako imetuchekesha. Umeandika "mpe yeye", kama unasema na mtu aliyesimama nyuma yangu. Aisha alishika ukuta kwa kucheka. Akasema, "Hiyo ndiyo heshima ya watoto wa Tanzania, anaona haya kukupa zawadi wewe uso kwa uso." Ati unaona namjua anayewavisha! Ego, ndiyo, namjua vizuri. Namnyoa ndevu kila Ijumaa.

Sweta imenitosha. Mikono tu ni mirefu, nimeikunja. Aisha aliinusa akasema, "Hii si mupya, iko na moshi wa jiko la watu." Haidhuru. Asante sana.

Nimekwenda nayo mtoni na nikwambie ukweli, sikupenda. Yule wa 64 alipoiona alitoka kwenye matete. Alikuja mpaka miguuni kwangu, kwenye maji ya kufunika vidole tu, mgongo wake ukawa nje. Akakaa. Samaki hakai hivyo, mwananje. Samaki kwenye maji ya namna ile anapigapiga, anatafuta kina. Huyo alitulia, anafungua mdomo na kufunga. Nilirudi nyuma nikimtazama. Sikumpa mgongo. Njiani niliivua sweta nikaibeba, maana nilikuwa nahisi ile mikono inakunjuka yenyewe, kama mtu anaivuta taratibu apate kuinyosha.

Pengine ni uzee.

Kazi ni hii: hereni 68, kambale mdogo, upande wa kulia, alikuwa na nguvu. Kwangu imebaki moja tu ya kuvisha. Kama kazi inaendelea, munitumie zingine.

Houssein


Gitega, Musinzira, 1 Desemba 2024

Mzee Houssein,

Umeandika "kwangu imebaki moja". Nimesoma maneno hayo mpaka nimeacha kuyaelewa.

Hereni ulizipata wapi?

Sasa navunja sheria ya chama. Pakiti ya namba 61 mpaka 70 tulimpa mtu mmoja. Anaitwa Kastori. Ni fundi wa baiskeli huku Magarama, anavua Jumapili baada ya misa, pale darajani kwenye njia ya Karuzi. Anatumia mkono wa kushoto. Ni kaka yangu. Mwezi wa Aprili mto ulipojaa alikwenda na hakurudi. Tulikuta viatu vyake ukingoni, vimepangwa pamoja, na baiskeli imeegemezwa vizuri. Wengine walisema amekufa maji. Wengine walisema amekimbia, kwa sababu alikuwa amegombana na wajomba juu ya shamba la Ryansoro, akawaambia siku moja wataamka wasimwone. Mimi nilikuwa sijui. Ndiyo sababu niliomba kazi hii. Nilifikiri wanaovua mtoni wataona.

Barua yako ilipokuja, na damu mbichi, na upande wa kulia, nilijua. Yuko hai, anajificha huko juu yenu, anawavisha samaki ili mimi nijue.

Sweta ni yake.

Kama unamficha, nijibu neno moja tu. Ukitaka, nitakuja peke yangu, sitamwambia mtu.

Jeska


Muyinga, 15 Desemba 2024

Mwananje Jeska,

Nimekawia. Nimeandika karatasi nyingi na kuzitia motoni. Aisha amekaa hapa karibu, ananiambia, "Andika tu, mtoto anangoja."

Simfichi mtu. Kaka yako yuko hapa, lakini hayuko hai.

Mwezi wa Aprili, maji yalipoanza kupungua, wanawake waliokuja kuchota pale Buhinyuza walimwona kwenye matete, wakapiga kelele. Mi nilikuwa hapo na fimbo yangu. Niliingia majini na wanaume wengine, tukamtoa. Hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa na pakiti ya hereni tu, ameifunga kiunoni ndani ya plastiki, imekauka kabisa, na juu yake jina la chama chenu na namba ya simu. Chef aliniambia, "Nitawapigia watu wa Gitega." Baadaye nilimuuliza, akasema amepiga. Juzi nilikwenda nikamuuliza tena. Anasema ilikuwa inalia tu hakuna anayeshika, akafikiri wataona namba wapige wenyewe. Mi mambo hayo sikuyajua. Miezi yote hii mi nilijua ninyi munajua. Nilikuwa nafikiri namwandikia mtu ambaye ameshalia na amenyamaza, kwa hiyo sikupenda kumtonesha.

Hatukujua dini yake, na mtu wa majini hangoji. Tulimzika kama tunavyojua sisi. Tulimwosha, ingawa mto ulikuwa umeshamwosha. Aisha alitoa shuka jeupe. Tulimlaza ubavu wa kulia. Jina hatukuwa nalo, basi nilichukua hereni ya 70 nikaifunga kwenye mti wa kaburi, ili likiulizwa lijibu hata kwa namba.

Hereni zilizobaki zilikuwa amana. Nilifikiri namna ya kuirudisha. Pakiti ilikuwa na maandishi: mvishe samaki, mpime, mwachie, tuandikie. Nikasema huyu mtu alikuwa katikati ya kazi yake. Mtu akifa na kazi haijaisha, mwingine anaweza kuimaliza, thawabu iende kwake. Nikanunua sindano kubwa. Kila samaki niliyekuandikia nimemvisha mi mwenyewe, na damu ile ni kwa sababu mkono wangu haujazoea. Upande wa kulia ni kwa sababu mi nashika sindano na uchafu wote wa samaki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nalia chakula. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu. Sikujua kama iko mtu huko Gitega anausoma mkono ule.

Wa 64 sikumvisha mi. Siku tuliyomtoa kaka yako, samaki huyo alikuwa kwenye matete hayo hayo, ubavuni kwake. Watu tuliingia, tukavuruga maji, tukapiga kelele. Hakukimbia. Mpaka leo hajaondoka.

Mwambie mama yako nilipomwosha mkono wa kushoto niliona kovu kwenye kidole gumba, kama la ndoano.

Sweta nimeifua. Niseme nini kingine? Munisamehe.

Houssein


Gitega, Musinzira, 22 Desemba 2024

Mzee wangu Houssein, shikamoo.

Nilimsomea Mama barua yako jikoni. Alikuwa anachambua maharage. Nilipofika kwenye kovu alisema, "Ndoano ya Malagarasi. Alikuwa mdogo, niliitoa mwenyewe kwa meno." Akaendelea kuchambua. Baadaye nilikuta amechanganya mazuri na mabaya kwenye sufuria moja.

Halafu aliniuliza mambo ambayo sikuweza kuyajibu, nakuuliza wewe. Shuka lilikuwa safi? Maji ya kumwosha yalikuwa ya moto? Pale alipolala panaonekana mto?

Hakukasirika. Anasema wewe hukumdanganya mtu. Ni mimi niliyejifundisha kusoma samaki kama barua, nikasoma nilichotaka. Hilo la mwisho nasema mimi, siye yeye.

Wajomba walitaka afukuliwe aletwe Ryansoro. Mama alisema, "Mlipokuwa mnamnyima shamba la huko, hamkumtaka huko. Aliyemwosha mwanangu ndiye mwenye kujua mahali pake." Tutakuja Januari, tutaganduka huko huko kaburini, kama wewe na Mama Aisha mtaturuhusu. Pombe itakaa mbali na nyumba yenu, Mama amewaambia.

Mzee, nimeangalia tena kadi za Kastori. Alituletea ya 61, ya 62 na ya 63. Kadi ya 64 hakuileta. Maana yake alimvisha siku ile ile, pale darajani, na alipokuwa anamwachia…

Alishuka naye mto wote.

Sweta baki nayo. Mama amesema hivyo.

Jeska


Muyinga, 16 Februari 2025

Mwananje Jeska,

Tangu muondoke mi na Aisha tunawazungumza. Wajomba zako ni watu wa ajabu. Walikunywa upande wa pili wa barabara kwa kutuheshimu sisi, halafu wakavuka mmoja mmoja kuja kuomba Fanta. Yule mkubwa alilia kuliko wote. Mama yako alimwacha alie.

Wewe hukusema neno siku ile yote, ulinisalimu kwa kichwa tu. Aisha aliniuliza, "Ndiyo huyu anayekuandikia barua ndefu namna ile?" Nikamwambia ndiyo huyu. Lakini nilikuona ulipokwenda peke yako kwenye matete. Ulichuchumaa muda mrefu. Sikukuita.

Naandika kwa sababu iko habari. Siku iliyofuata nilikwenda mtoni. Wa 64 hayupo. Nilitafuta ukingo wote, juu na chini, nikapanua matete kwa fimbo. Pale alipokuwa anasimama maji ni masafi, na chini kwenye tope kumebaki shimo. Si shimo la samaki, mwananje. Ni refu, lina upana wa mtu aliyelala ubavu. Nimekwenda tena wiki baada ya wiki, na maji yanapita juu yake lakini tope halilijazi.

Wanawake wameanza kurudi kuchota. Sikuwaambia kitu. Walisema tu, "Muzee, leo pale iko kama mahali pengine."

Hereni ya 69 nimemvisha kambale wa kike, mwenye mayai. Hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kazi ya kaka yako imekwisha.

Houssein


Gitega, Musinzira, 27 Aprili 2025

Mzee Houssein, shikamoo. Nisalimie Mama Aisha.

Mvua huku ni kubwa, mto umejaa tena, na nilikuwa nimeapa kutokwenda darajani mwezi huu. Lakini Jumapili iliyopita mvuvi wetu mmoja, Crispin, alikuja mpaka nyumbani, suruali imelowa mpaka magotini. Alikaa mlangoni akikataa kiti. Akamwuliza Mama, "Jeska yupo? Kuna samaki wake." Kisha akaniambia, "Njoo uangalie mwenyewe. Mimi simgusi."

Nilikwenda. Sikumbuki njia.

Walikuwa wamesimama watu wengi, wavuvi na wapita njia. Mahali ni pale pale tulipokuta viatu. Alikuwa kwenye maji ya kufunika vidole, kama ulivyoniandikia, mgongo nje, amenyamaza. Hereni upande wa kulia. Kidonda kimepona kabisa, nyama imeota ikaizunguka plastiki. Ndoano mdomoni hakuwa nayo. Crispin anasema alikuwa hata hajafungua mshipi wake. Kichwa hakukielekeza juu wala chini ya mto. Alikielekeza kwetu, njiani.

Niliinama nikasoma, 64.

Mzee, wewe unajua mimi siwezi kusema mbele ya watu. Pale nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nilisema, "Kastori, umefika. Sisi wote tunajua sasa." Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nilivua viatu nikaingia, nikamshika kwa mkono wa kushoto, sijui kwa nini wa kushoto. Alikuwa wa moto. Samaki hawi wa moto. Nilimgeuza taratibu, nikamsukuma kwenye kina, na vidole vyangu vilipoachana naye alipiga mkia mara moja kama samaki yeyote, akaenda.

Bwana Thomas amefurahi sana. Anasema hii ndiyo taarifa bora ambayo chama kimewahi kupata, inaonyesha kwamba kuyu huupanda mto wakati wa masika mpaka pale pale walipotoka, na yote yamejulikana kwa sababu ya wavuvi wa kawaida waliojitolea kuandika. Naamini ni kweli. Ameniambia nijaze kadi vizuri. Nimejaza namba, aina, urefu, mahali. Kuhusu joto la mwili kadi haiulizi, nami sikuandika.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimelowa, sikuwa nimesema kitu bado. Tangu turudi kutoka kwenu Mama alikuwa ameganduka, amenyoa, anakwenda shambani, lakini jioni aliendelea kupakua sahani tatu, na mimi sikumuuliza. Siku ile alinitazama, akatazama mkono wangu wa kushoto, akafunua chungu.

Alipakua sahani mbili.

Uliniuliza wakati ule kama kazi inaendelea. Inaendelea. Natuma pakiti mpya na barua hii, na hizi ni za jina lako mwenyewe. Wavishe upande wowote unaotaka, sasa nitajua ni wewe. Na ukienda mtoni asubuhi, vaa sweta. Kunja mikono yake kama ulivyofanya mwanzo. Nadhani itatulia.

Jeska